Asiye na Dawa ya Kuyeyusha Asishike Sindano

Mtu yeyote anayechoma fila, yaani jeli ya kujaza midomo na mashavu, usoni mwa mwenzake bila kuwa na dawa ya kuiyeyusha katika chumba hicho hicho anachezea macho ya watu, na anapaswa kuzuiwa kazi hiyo leo, si kesho. Nimesema macho kwa sababu ndiyo yanayoweza kupotea. Mishipa ya damu ya pua na ya katikati ya paji la uso imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa kwa bahati mbaya, inaweza kusukumwa hadi nyuma ya jicho, damu ikakatika, na mtu aliyeingia kliniki akiona vizuri akatoka ameshikwa mkono.

Upofu wa namna hiyo hutokea kwa nadra. Yanayotokea mara nyingi zaidi hayaui wala hayapofushi: mdomo umezidi upande mmoja, vinundu vinahisika kwa ulimi, chini ya macho kuna kivuli cha buluu kwa sababu jeli imewekwa karibu mno na ngozi, mashavu yamefura hadi mtu akicheka macho yanafichika. Aliyepatwa na hayo, awe mwanamke au mwanamume, akithubutu kulalamika hujibiwa kwa neno moja: ulijitakia.

Neno hilo lazima likome. Anayeagiza kabati kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road jijini Nairobi, pale Dagoretti Corner, akakuta mlango haufungi, hurudi kudai haki yake na majirani humuunga mkono. Kwa nini aliyelipia huduma ya usoni anyamaze? Bibi zetu walitoga masikio, wakajipaka wanja na hina, na kidonda kilipotunga usaha hakuna aliyewanyima dawa eti kwa kuwa walitaka kupendeza. Aibu hii ya sasa inamfaidi mtu mmoja tu, aliyechoma vibaya, kwa sababu mteja mwenye aibu haombi risiti, haandiki barua, wala haendi kwa daktari mwingine.

Kwa hiyo dada yangu ambaye hukuridhika, hatua ya kwanza ni kukataa kuongezewa. Utaambiwa, "Tuongeze kidogo upande huu, itasawazika." Usikubali. Nyuso nyingi zilizofura hazikuharibika kwa sindano ya kwanza. Ziliharibiwa na marekebisho, jeli juu ya jeli, na kila marekebisho yakilipiwa. Badala ya kuongezewa, dai jina la kilichowekwa: jina la bidhaa, kampuni iliyoitengeneza, nambari ya bechi, kiasi na tarehe. Bidhaa halali huja na kibandiko chenye maelezo hayo, na kibandiko hicho ni haki yako. Wakikuambia wamesahau jina, ondoka ukijua kwamba hukuwa mikononi mwa mtaalamu.

Jina ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Fila nyingi zinazotumika leo ni za asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe hukitengeneza. Hizo zina dawa yake, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, ambacho kikidungwa mahali penye jeli huivunjavunja, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Daktari anapaswa kukuuliza kwanza kuhusu mzio, hasa kama umewahi kudhurika kwa kuumwa na nyuki, maana sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha aina hiyo. Lakini kama ulichowekewa ni cha kalsiamu au chembe za plastiki, hakiyeyuki kwa dawa hiyo. Silikoni ya maji ndiyo mbaya kupita zote: huweza kuhama kutoka mahali ilipowekwa, na baada ya miaka mingi ikatoa mavimbe magumu ambayo huondolewa kwa kisu, tena si yote. Msaada wa hapo ni kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kila jaribio la mtu mwingine linazidisha jeraha.

Kuna watu wanaochanganya fila na Botox. Botox hulegeza misuli na huisha yenyewe baada ya miezi mitatu au minne. Haiyeyushwi, husubiriwa.

Na hata fila haifai kuhukumiwa siku ya pili. Uvimbe na michubuko ni vya kawaida, na wiki mbili ndizo zinazoonyesha umbo lenyewe. Lakini dalili nyingine hazisubiri hata saa moja: ngozi kuwa nyeupe ghafla, madoa ya zambarau yanayotandaa kama wavu, maumivu makali yasiyolingana na sindano ndogo, macho kufifia. Ukiziona, usikandwe barafu na aliyekuchoma. Kama uko upande wa Dagoretti Corner, ukielekea mjini Ngong Road inapita hospitali ya Coptic, na mbele kidogo iko Hospitali Kuu ya Kenyatta. Nenda, na useme waziwazi kilichochomwa na saa kilipochomwa.

Sasa niwageukie wanaolipwa kutulinda. Mnamo Oktoba 2024 mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo katika kituo kimoja jijini Nairobi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likakifunga. Lilifanya vyema kukifunga. Lakini ukaguzi unaofika baada ya jeneza si ukaguzi. Matangazo ya midomo minono yako wazi kwenye Instagram na TikTok, yana nambari za simu na ramani za kufikia. Mkaguzi yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma.

Wala Kenya haiwezi kusema haikuonywa. Mwaka 2013 daktari Bruce Keogh, aliyeongoza uchunguzi wa sekta hii kwa niaba ya serikali ya Uingereza, alieleza kwamba anayechomwa fila hana ulinzi wa kisheria zaidi ya mtu anayenunua kalamu au mswaki. Miaka minane baadaye, England ikapiga marufuku kuwachoma fila za urembo watoto walio chini ya miaka 18. Mwaka huo huo wa 2021, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliuonya umma usitumie vifaa vya kusukuma fila bila sindano, vile wanavyoviita kalamu za hayaluroniki, kwa kuwa vinarusha jeli kwa shinikizo bila mtumiaji kujua inaishia wapi.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari, na haki ya kulipwa fidia anapojeruhiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hatari na gharama kabla ya kuguswa. Maneno hayo yapo. Kinachokosekana ni kanuni inayoyapeleka hadi kwenye kiti cha mteja, na naidai hapa: fila ichomwe na mtaalamu wa afya aliyesajiliwa tu, hayaluronidesi isiyopitwa na muda iwe kwenye kabati kabla ya sindano ya kwanza, kibandiko kimoja kibaki kwenye faili na kingine apewe mteja, asiguswe aliye chini ya miaka 18. Na gharama ya kuyeyusha kazi mbovu ibebwe na aliyeifanya. Najua wenye kliniki watasema bei zitapanda. Zipande. Huduma isiyoweza kumudu dawa ya makosa yake haina ruhusa ya kufanya makosa kwenye uso wa mtu.

Bodi ya Dawa na Sumu nayo isikae kimya, maana jeli isiyojulikana ilikotoka ni kazi yake. Nawe uliyedhurika, ukitaka kulalamika, ofisi zake ziko Lenana Road, na za KMPDC ziko Woodlands Road, hatua chache tu kutoka hapo. Kutoka Dagoretti Corner ni safari fupi ya matatu. Ukitaka pia kwenda mahakamani, kesi ya madai ya madhara ya mwili ina kikomo cha miaka mitatu, kwa hiyo usingoje aibu iishe ndipo uanze. Angalia kwanza kwenye sajili ya KMPDC kama jina la aliyekuchoma limo. Kusanya picha zenye tarehe, za kabla na za baada, ujumbe wa WhatsApp mlioandikiana, na uthibitisho wa M-Pesa. Andika kilichofanyika kwa mpangilio wa siku, bila kuomba radhi popote kwa kutaka kupendeza. Ipeleke barua hiyo ya malalamiko mwenyewe, na usitoke ofisini kabla nakala yako haijapigwa muhuri.