Wachoma sindano za vitamini waseme jina la dawa

GOMA – Katika mitaa ya Goma na Bukavu, na hata kambini, mtu mzima akisema tu "sina nguvu", hakosi wa kumchoma sindano ya vitamini. Analipa, anachomwa kwenye makalio, anarudi nyumbani. Jina la dawa haambiwi, wala haandikiwi hata kwenye kipande cha karatasi.

Wiki moja ao mbili zinapita. Pale sindano ilipoingia ngozi inavimba, inakuwa ngumu, inawasha usiku kucha. Nani atakumbuka ile sindano? Watu wanasema ni karuho, wanaanza kumtazama jirani. Kambini, ambako hema zimegusana, neno hilo moja linatosha kutenganisha familia zilizokimbia vita pamoja.

Lakini hiyo ni aleji ya kuchelewa, na waganga wanaijua. Vitamini K ndiyo inayotajwa sana: mwaka 1972 madaktari wa Ufaransa waliandika juu ya watu ambao ngozi yao ilikauka kama kovu kisha sindano hiyo. Askari wa mwili wanahitaji siku nyingi kuitambua dawa na kukusanyika. Ndiyo maana alama haionekani siku ile ile. Inaweza kukaa miezi. Mtu akichomwa tena dawa ile ile, inarudi, na mara nyingi inarudi mbio.

Wauza dawa watajibu kwamba ni mara chache. Kweli, ni mara chache. Lakini huyo mmoja alihitaji sindano ya nini? Vitamini K ni ya mtu anayetoka damu, ao mgonjwa wa ini, na ni muganga anayeamua. Mtu anayekula mara moja kwa siku amechoka kwa njaa. Lengalenga ina vitamini K nyingi, na anayeweza kumeza, kwa kawaida vidonge vinamtosha.

Mama aliyejifungua asikatae sindano ya mtoto mchanga: ile inazuia damu kuvuja kichwani, na aleji hii kwa watoto ni nadra sana.

Kwa mtu mzima, aulize jina la dawa na liandikwe mbele yake kabla ya kulipa. Pakiwasha baadaye, aonyeshe karatasi hiyo kwenye kituo cha afya, na asikubali mtu apasue kwa wembe akidhani ni jipu. Pakiwa na moto, usaha na homa, aende siku ile ile.