Kambare Bwawani na Ufupi wa Kamusi Zetu

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Kisii au Nyamira hukutana na chewa kitabuni kabla ya kumwona kwa macho. Akiuliza chewa ni nini, hujibiwa kuwa ni aina ya samaki wa baharini, basi. Haambiwi kwamba ni mla samaki mwenye kinywa kipana, anayevizia mawindo miambani na kuyameza mazima, wala kwamba wapo chewa wanaopita urefu wa mita 2. Kwetu milimani ufupi huo haumdhuru mtu, maana hakuna anayefuga chewa. Hata hivyo, ufupi uo huo humwandama kambare, na kambare tunamfuga nyuma ya nyumba.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao, miongoni mwa mengine, ulichimbisha mabwawa ya samaki katika maeneo bunge mengi, yetu yakiwemo. Samaki aliyependelewa ni perege. Ila perege ana tatizo lake: huanza kuzaa angali mdogo, bwawa likajaa, chakula kikapungua, na mfugaji akaishia kuvua samaki wasiozidi kiganja. Tiba mojawapo ni kutia vifaranga madume watupu. Nyingine ni kumtia mla samaki awapunguze watoto, na kambare huifanya kazi hiyo vizuri. Sharti ni moja: aingie bwawani akiwa mdogo kuliko perege aliowakuta, ili aweze kumeza vitoto tu.

Jamaa yangu mmoja wa Nyamira aliambiwa atie kambare wapunguze perege. Alitia, tena wakubwa, na kweli wakapunguza. Alipokausha bwawa alikuta perege wa kuhesabika, na kambare wanene wamejizika topeni, kwa kuwa samaki huyo hupumua hewa na hajali maji kupungua. Karatasi ya maelekezo alikuwa nayo. Ilikuwa ya Kiingereza, na sharti la ukubwa lilikuwa katika aya ambayo hakuna aliyemfasiria.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodai kwamba Kiswahili cha ufugaji ni kazi ya maafisa wa kilimo. Msamiati tunao. Tatizo ni kwamba kamusi zimeutaja bila kuueleza, nasi tumeridhika kuukariri kwa ajili ya mtihani. Sokoni Kisii perege huitwa ngege, kambare ni mumi, sangara ni mbuta, na dagaa wa ziwani ni omena. Majina yote hayo yametoka katika Dholuo. Wapo wahadhiri wanaoyapiga kalamu nyekundu katika insha. Mimi ningeyaandika kando ya yale ya kamusini, kwani mfugaji asiyejua kwamba kambare ndiye mumi hatanufaika na Kiswahili chetu kilichosanifiwa hata kikiwa fasaha namna gani.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo cha ufugaji wa samaki Kegati, karibu na mji wa Kisii. Chama chetu kingeweza kuwaomba wataalamu wa huko watusahihishie ukurasa mmoja tu wa Kiswahili: majina mawili mawili ya kila samaki, kile anachokula, wakati wa kumtia na wa kumvua, pamoja na ukubwa wa kambare kwa sentimita, ukiandikwa kando ya ule wa perege, katika aya ya kwanza.