Siku ya Sala Isivunje Ujirani

Jirani zangu wawili ni Wakristo, ukuta kwa ukuta. Mmoja ni Msabato, husali Jumamosi na nguruwe hamgusi. Wa pili Mwanglikana, siku yake Jumapili. Wiki ya pili sasa hawaamkiani, na kila mmoja hunijia barazani akitaka nimwambie mwenziwe kuwa amepotea.

Mimi ni mwana wa chuoni. Hukumu ya kanisa si yangu. Nimewajibu kwa mambo mawili. Misheni ya Rabai, hapa karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1846 na Krapf pamoja na Rebmann. Krapf alilelewa Kilutheri, akatumwa na Waanglikana. Lau wangalingoja waafikiane kwa kila jambo, asingalisafiri. Na Paulo, katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 14, aliyataja haya haya ya chakula na siku, akakataza mtu kumdharau nduguye.

Wala siwacheki. Sisi Waislamu nasi hugombania mwezi kila Ramadhani, na futari tukapelekeana.

Ndugu wasomaji, mwenye lake na alishike barabara. Lakini jirani akifiwa usiku, haulizwi husali siku gani.