Saa ya Marehemu Isiuzwe Gizani

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, ukilifungua kasha la mzee aliyetangulia mbele ya haki, utakuta tasbihi yake, karatasi zake za safari, na saa ya mkono iliyofungwa ndani ya leso. Saa yenyewe yaweza kuwa Omega, yaweza kuwa Rolex. Mzee aliipata zama za ubaharia wake, au alipokwenda Bara Arabu katika miaka ya sabini, mafuta yalipopanda bei na riziki ikawaita vijana wetu Maskati, Dubai na Jidda. Aliivaa Idi mbili na arusi za jamaa, kisha akairudisha katika leso yake. Leo mwenyewe hayupo, saa imesimama, na nyumbani kuna karo, kodi na dawa.

Mwenye kuamua kuiuza hana lawama. Mali imeumbwa ili iwafae watu, na wala hakuna fahari ya kuwa na Rolex kashani huku mtoto amerudishwa kutoka shuleni. Ninalotaka kulisema leo ni namna tunavyoiuza. Tunaiuza kwa siri, saa za magharibi, kwa mtu tusiyemjua, kama kwamba tumeiiba. Na siri hiyo ndiyo inayotupokonya. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Nami nasema anayeficha dhiki yake kwa jamaa humfungulia mwizi mlango.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alifiwa na babake. Eda ya mamake ilipokwisha, yule mama alimtolea saa ya marehemu akamwambia, "Nenda kaiuze, mwanangu, lakini watu wasijue." Kijana akaitangaza saa kwa simu, na hazikupita siku mbili akapigiwa na mnunuzi. Salamu za bwana huyo zilikuwa ndefu, na kila neno la pili lilikuwa inshallah. Wakaagana wakutane karibu na kivuko cha Likoni, wakati wa magharibi. Mnunuzi akaja na kanzu yake nyeupe, akaitazama saa ndani ya gari, hakuomba apunguziwe hata shilingi moja, akabonyeza simu yake. Mara simu ya kijana ikalia: ujumbe wa pesa, na kiasi chenyewe sawasawa. Wakapeana mikono. Kijana alipofika nyumbani ili amkabidhi mamake, akakuta salio lake ni lile lile la asubuhi. Ujumbe ule ulikuwa umetungwa, ukatumwa kutoka nambari ya kawaida ya simu.

Alipokwenda kupiga ripoti aliulizwa maswali matatu mepesi. Nambari ya saa ni ngapi? Nani alikuwapo? Mnunuzi anaitwa nani? Hakuwa na jibu hata la moja. Nami nilipomwuliza, "Mbona hukunipitia tukaenda sote?" alitazama chini akasema, "Ami, niliona haya."

Basi nasema kwamba haya ndiyo mwizi wa kwanza aliyeingia katika nyumba ile. Yule mwenye kanzu alikuja wa pili, akakuta mlango uko wazi.

Sasa tuyatazame mambo kwa utaratibu. Swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni kwamba saa hii ni ya nani? Mtu akifa, mali yake haiwi ya yule aliyeshika ufunguo wa kasha. Hutolewa gharama za maziko, hulipwa madeni, hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yao, pamoja na yule binti aliyeolewa Malindi na yule kaka aliyehamia Uingereza. Anayeiuza bila ya ridhaa yao ameuza fungu la mwenziwe. Wakishindwa kupatana, Mahakama ya Kadhi ipo, na mirathi baina ya Waislamu ni miongoni mwa mambo ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi mahakama hiyo. Lakini aghalabu hapana haja ya kufika huko. Chatosha kikao kimoja cha jamaa na karatasi moja yenye sahihi zao. Karatasi hiyo ni ngao pia, kwa sababu sheria ya Kenya humwadhibu mtu apokeaye mali ya wizi huku akijua, na kwa hivyo mnunuzi wa halali atataka kuona kwamba unachomwuzia ni chako. Asiyeuliza saa umeitoa wapi, naye pia mtilie shaka.

Jambo la pili ni kukijua unachokiuza. Itoe saa katika leso, ipige picha mbele na nyuma, na uiandike nambari yake. Katika Rolex za zamani nambari hiyo imechongwa ubavuni mwa saa, pale mkanda unaposhikia, na haionekani mpaka mkanda utolewe. Katika zile za miaka ya karibuni imechongwa ndani, kwenye ukingo unaouzunguka uso wa saa. Saa nyingine nambari yake imo ndani ya mfuniko wa nyuma, na hapo ni kazi ya fundi, naye aifungue mbele ya macho yako. Nambari hiyo iweke nyumbani. Unapoitangaza saa, usionyeshe nambari nzima katika picha, kwani mwongo aweza kuichukua akadai kwamba saa ni yake, au akaitia katika saa ya bandia.

Na tafadhali usiisugue. Wengi wetu hudhani kwamba saa ikipigwa msasa ikang'aa, na uso wake ukapakwa rangi mpya, bei itapanda. Mambo ni kinyume kabisa. Wanaozikusanya saa za zamani hutaka uso ule ule na akrabu zile zile zilizotoka kiwandani, hata kama zimefifia. Msasa hula kingo za chuma, na kingo zikishaliwa hazirudi.

Mfano ulio karibu nasi ni saa za Oman. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1970 mpaka alipofariki Januari 2020, aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya nchi yake, yaani jambia juu ya panga mbili zilizopishana, akawatunukia watu waliomtumikia. Saa hizo leo hutafutwa sana, na nembo ile ndiyo inayozipandisha thamani. Hebu fikiria, msomaji, mtu aliyerithi saa kama hiyo, kisha akampelekea fundi amwondolee "mchoro uliochakaa" na kumtilia uso mpya! Amelipa pesa ili aipoteze mali yake. Lakini pia kuna wajanja wanaochora jambia hilo katika saa za kawaida, na kwa hivyo mwenye saa ya kweli asishangae akiulizwa maswali mengi. Karatasi za marehemu, barua ya kazi, picha yake ameivaa, vyote ni ushahidi. Msivitupe wakati wa kusafisha chumba.

Kuhusu bei, tusidanganywe na habari za mbali. Mwaka 2017, huko New York, saa ya Rolex aina ya Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Tangu hapo kila mwenye saa kuukuu hujiona tajiri. Saa ile ilipata bei hiyo kwa ajili ya mkono ulioivaa. Ya kwako waonyeshe mafundi saa na masonara wawili watatu wasiojuana, uwasikilize wote, na usimwachie yeyote saa "alale nayo aitazame vizuri". Atakayelala nayo aweza kukurudishia nyingine iliyofanana nayo.

Jambo la tatu ni aibu za saa yenyewe. Ikiwa inapoteza dakika, sema. Ikiwa kioo si cha asili, sema. Ikiwa maji yaliwahi kuingia, sema. Sote tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka akakuta chini mna unyevu, akamkemea mwenye nafaka kwa kuuficha. Fikihi yetu inampa mnunuzi haki ya kuirudisha bidhaa akigundua kasoro iliyofichwa. Watu husema kwamba ukweli hupunguza bei. Hupunguza, ndiyo. Lakini pia hukuepusha na mtu atakayerudi baada ya mwezi akigonga mlango na kukushitaki kwa majirani. Kilichoandikwa na kusomwa mbele yake hawezi kukigeuza.

Jambo la nne ni mahali na malipo. Usimkaribishe mnunuzi nyumbani, wala usipande gari lake. Kutaneni mchana ndani ya benki, au dukani kwa sonara anayekufahamu, nawe uwe na mtu mzima wa jamaa yako. Mnunuzi mkweli hatachukizwa; yeye naye amebeba pesa na ana hofu zake. Anayekataa benki, anayekataa shahidi, anayekuharakisha kwa kuwa ana safari jioni ile ile, mwambie kwaheri. Haraka haraka haina baraka.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwetu mwaka 2007, imeturahisishia mengi, ila ujumbe si pesa. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe, hauji kwa nambari ya mtu. Hata hivyo usitosheke na ujumbe: litazame salio lako kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kuitoa saa. Kumbuka pia kwamba kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2023, mtu hawezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja. Ukionyeshwa ujumbe mmoja wa shilingi 300,000, huo umejikadhibisha wenyewe. Na kwa kuwa mtumaji aweza kuomba arudishiwe pesa akidai amekosea nambari, hati ya mauzo ndiyo itakayoonyesha kwamba hakukosea. Kwa kiasi kikubwa ni bora pesa ziingie katika akaunti yako ya benki, na karani akuthibitishie. Hundi nayo si pesa mpaka benki iseme imelipwa. Akija na noti, zihesabiwe palepale benki, kwani mashine yao huijua noti bandia kuliko macho yetu. Na kama saa ni ya dhahabu, ambayo mwanamume wa Kiislamu haruhusiwi kuivaa na ndiyo maana warithi wengi huiuza, basi wanazuoni wengi hutaka dhahabu ilipwe papo kwa papo. Tazama jinsi dini na usalama wako vilivyokubaliana hapo.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni nakala mbili: majina ya muuzaji na mnunuzi, nambari za vitambulisho baada ya kuviona, aina ya saa na nambari yake, kasoro zake, bei, tarehe na namna ya malipo. Watie sahihi wote wawili na mashahidi. Tusione kwamba huku ni kutoaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inazungumzia madeni, maandishi na mashahidi. Na hata pale inapotupa ruhusa ya kutoandika biashara ya mkono kwa mkono, bado yatuamrisha tushuhudishe tunapouziana. Ikiwa Mola wetu ametuagiza mashahidi, sisi tunaona haya ya nini?

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba sitara ni jambo jema, na kwamba si vizuri mji mzima ujue fulani ameuza saa ya babake. Nakubali. Wala sikusema ipigwe mbiu sokoni. Sitara ni kutoueleza ulimwengu shida zako. Si kutomweleza hata ami yako, hata mjomba wako, hata imamu wa msikiti unaosali. Mtu mmoja mwaminifu pembeni hakuvunjii sitara, na wewe nawe ukimwona mwenzio anauza, usimfanye kuwa habari ya barazani. Vicheko vyetu vya barazani ndivyo vinavyowasukuma wajane na mayatima kwenda kuuza vitu vyao gizani. Yule mama hakuogopa mwizi. Alituogopa sisi, na dhambi ya saa ile tunayo fungu letu.

Mzee aliinunua saa ile kwa jasho lake, dukani, mchana, mbele ya watu. Ikiwa lazima itoke nyumbani kwake, basi na itoke vivyo hivyo.