Nani Humtembelea Mtalaka?

Mtu anapofariki katika mitaa yetu ya Morogoro, iwe Mji Mpya, Mwembesongo au Kichangani, hakuna anayesubiri kualikwa. Jamvi hutandikwa, akina mama huleta unga na mchele, vijana huenda kuchimba kaburi, na mfiwa haachwi kulala peke yake. Hili ni jambo jema, ingawa baadhi ya yafanywayo katika matanga hayana asili katika Sunna. Ama ndoa inapokufa, hakuna jamvi. Mwanamke hufunga nguo zake, hupakia godoro kwenye bajaji wakati wa magharibi ili majirani wasione, na kuanzia kesho yake habari zake huulizwa kwa watu wengine, si kwake yeye.

Ndugu Waislamu, upweke unaofuatia talaka tumezoea kuuhesabu kuwa ni udhaifu wa moyo wa mhusika. Tunamwambia asubiri, asome Qur'an, yatapita. Ni kweli kwamba subira ni ibada na kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah (SW). Lakini sehemu kubwa ya upweke huu tunautengeneza sisi jamaa, na tunauanza siku ile ile ya kwanza kwa kuivunja amri iliyo wazi.

Katika aya ya kwanza ya Suratut Talaaq, Allah (SW) anawakataza waume kuwatoa wake zao majumbani wakati wa eda, na anawakataza wake nao kutoka, isipokuwa umetendeka uchafu ulio dhahiri. Aya inaziita nyumba hizo kuwa ni zao wale wanawake. Hekima yake imetajwa humo humo: huenda Allah akaleta jambo jingine baada ya hapo. Katika talaka rejea wawili hawa hubaki chini ya paa moja muda wa tohara tatu, au hedhi tatu kwa kauli nyingine ya maulamaa. Hasira hupata nafasi ya kushuka, watoto humwona baba na mama, na kama ni kuachana basi hutokea polepole. Ni misikiti mingapi ambayo imamu wake, akiletewa habari ya talaka, huuliza kwanza mwanamke yuko wapi usiku huu?

Jambo hili linatofautiana kati ya mjini na mlimani. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Ardhi ya Uluguru kwa desturi ni ya ukoo huo, na mwanamume wengi wao humwoa mke na kulima katika shamba la upande wa mkewe. Ndoa ikivunjika huko Kinole au Mkuyuni, mara nyingi mwenye kufunga mzigo ni mume. Mwanamke hubaki na migomba yake, mama yake na mjomba wake. Hatusemi kwamba mila hiyo yote ni sawa. Katika mirathi ina mambo yanayogongana na Suratun Nisaa. Lakini katika hili la mwanamke kutotupwa nje, wazee wale wa mlimani wamekuwa karibu na aya kuliko sisi tunaosoma tafsiri mjini. Mjini chumba ni cha kupanga, kodi analipa mume, na mwanamke aliyeteremka kutoka mlimani kumfuata hana hata mgomba mmoja. Wengine huenda kutafuta vibarua vya msimu katika viwanda vya tumbaku, na jioni hurudi katika chumba kisicho na mtu wa kumwambia habari za kutwa.

Basi tuangalie alivyofanya Mtume (SAW). Fatima bint Qays (RA) aliachwa talaka iliyokamilisha tatu. Maulamaa wamekhitilafiana juu ya makazi na masurufu ya mwanamke wa namna hiyo, nasi hatuingii huko. Tunachokiangalia ni kwamba Mtume (SAW) mwenyewe alishughulikia atakaa wapi. Kwanza alimwelekeza nyumbani kwa Umm Sharik, kisha akabadilisha, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na wageni wengi, akamwambia akae kwa Ibn Umm Maktum. Akamtaka amjulishe eda itakapokwisha. Alipoletewa posa za Muawiya na Abu Jahm, Mtume (SAW) alimweleza bila kuficha upungufu wa kila mmoja, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Haya yamo katika Sahihi ya Muslim. Kiongozi wa umma alipata muda wa kufikiri juu ya nyumba ya mtalaka mmoja na wageni wake!

Sisi tunafanya kinyume. Bibi harusi tunampa somo wa kumfunda, naye hukaa naye siku zote za harusi. Siku ya talaka somo haonekani. Shoga zake walio na waume huanza kumkwepa, kila mmoja akihofia wake. Hapo ndipo hutokea bwana wa kumshawishi ndoa ya siri, isiyo na wali wala ya kutangazwa, kwa kujua kwamba aliye mpweke hachagui. Au hutokea mganga wa kuahidi kumrudisha mume kwa jogoo na shilingi elfu hamsini. Tunawakemea wanawake hawa kwa shirki katika khutba, na kukemea ni wajibu, lakini mganga alimsikiliza saa nzima. Nani miongoni mwetu alimsikiliza?

Wanaume nao tusiwasahau. Mtalaka mwanamume hula kwa mama lishe, humaliza sala ya Isha, kisha hukaa barazani mwa msikiti mpaka taa zizimwe. Tunamwona kila siku. Kumwuliza kuhusu wanawe tunaona ni kumwaibisha.

Kuna haki pia, na haki hupunguza upweke, kwa kuwa mwenye kudhulumiwa huona ametupwa na wote. Suratul Baqara, aya ya 241, imewawekea walioachwa kiliwazo, ambacho watu wetu hukiita kitoka nyumba. Wengi huachwa bila kupewa hata kanga, na walii wao hanyanyui mdomo. Aidha wapo wasiojua kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Darsa za akina mama zingefaa kuyaeleza haya kama zinavyoeleza nifasi na josho.

Misikiti yetu mingi ina daftari la wajane na mayatima, na kabla ya Idi humo ndimo tunamosoma majina ya wa kupelekewa zakatul fitri. Katika daftari hilo watalaka hawamo, hata wale mafukara. Tunapendekeza kamati ziwaandike kabla ya Ramadhani ijayo, na futari wapelekewe na akina mama wawili watakaokaa kula nao.