Nadhiri ya kazi na lugha yake

Rwanda, nchi ndogo isiyopakana na bahari, ilipotaka viongozi wa wilaya wawajibike, haikuazima istilahi. Mwaka 2006 ililifufua neno la kale, imihigo, yaani nadhiri ambazo mtu huzitoa hadharani kwamba atatimiza jambo fulani. Mameya wakazitia sahihi mbele ya Rais.

Sisi Wakenya tuliwatangulia mwaka 2004 kwa mikataba ya utendakazi, lakini imeandikwa kwa Kiingereza! Tarishi na mfagizi watajuaje mkubwa wao aliahidi nini? Sisemi imihigo haina dosari. Hofu ya kushindwa yaweza kuzaa takwimu za kupikwa. Hata hivyo, koti lililoachwa kitini, mwenyewe akiwa mkahawani, lingemwaibisha zaidi iwapo walio chini yake wangekijua, kwa Kiswahili, alichoapa kutenda.