Mrenda, Magunia na Ziwa: Je, Kisumu Ifuate Njia ya Kolkata?

Juti ni nyuzi za gome la mimea miwili ya jamii moja, Corchorus capsularis na Corchorus olitorius. Huo wa pili ni mwenyeji wa siku nyingi katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Ndio mrenda, apoth kwa Waluo, mboga inayouzwa kwa mafungu katika soko la Kibuye na kupikwa pamoja na kunde. Wahindi na Wabangladeshi wamejenga viwanda juu ya shina lake, ilhali Kisumu hula majani tu. Ndiyo maana pendekezo kwamba kaunti za ziwani zilime juti na kushona magunia yake linastahili kupimwa kwa makini.

Tofauti kubwa iko shambani. Mama anayelima mrenda huchuma ncha mara kwa mara ili mmea utoe matawi na majani mengi. Mkulima wa Bengali hufanya kinyume: husia mbegu kwa kuzibananisha, miche ikose nafasi ya kutanua, ipande juu moja kwa moja hadi kimo cha mita tatu hivi. Baada ya takriban miezi minne, vitumba vinapoanza kufunga, mabua hukatwa, hufungwa matita na kulowekwa kwenye maji yaliyotulia kwa wiki mbili au tatu mpaka gome lilegee. Kisha wachunaji husimama majini, huponda kitako cha bua kwa gongo, hushika nyuzi zilizoachia na kuzivuta zitoke nzima, ndefu kama bua lenyewe. Ni kazi ngumu, na mpaka leo sehemu kubwa hufanywa kwa mikono.

Kwa nyuzi hizo Kolkata ilitajirika. Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Rishra, kando ya mto Hooghly, mwaka 1855, na kabla karne haijaisha Bengali ilikuwa imeipita Dundee, mji wa Uskoti ulioitangulia katika biashara hiyo. Nafaka, kahawa na pamba ya dunia vilisafiri ndani ya magunia ya juti. Mwaka 1947 mpaka mpya kati ya India na Pakistani ukakata biashara hiyo vipande viwili: viwanda vikabaki India, na mashamba mengi yakawa Pakistani ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh. India ikalazimika kupanua kilimo chake yenyewe. Pigo zito zaidi lilifuata pale mifuko ya plastiki iliyofumwa, iliyo myepesi na ya bei nafuu, ilipoenea.

Jibu la India lilikuwa sheria. Shirika la serikali la juti liliundwa mwaka 1971 ili kumnunulia mkulima kwa bei ya chini isiyoshuka, na mwaka 1987 Bunge likapitisha sheria inayolazimisha baadhi ya bidhaa kufungwa kwa juti. Katika miaka ya karibuni kiwango kimekuwa nafaka zote na asilimia 20 ya sukari. Sheria hiyo imeokoa ajira za mamia ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wa Bengali Magharibi. Lakini imeleta udhaifu wake: mnunuzi mkuu akiwa serikali, viwanda vingi havikuwa na haja ya kubadilisha mitambo wala kutafuta bidhaa mpya.

Huku ziwani, soko la magunia lipo waziwazi. Viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni viko katika Kaunti ya Kisumu, na mpunga hulimwa Ahero na Kano Magharibi. Sukari ya Kenya hufungwa kwa mifuko ya kilo 50 ya plastiki iliyofumwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Agosti 28, 2017, haikuigusa hiyo ya sukari. Udongo mzito wa Kano, unaofurika mto Nyando ukivunja kingo, huwatesa wakulima wa mahindi, lakini juti nyeupe, yaani Corchorus capsularis, huvumilia maji kiasi inapokuwa imekomaa. Tena miezi minne ni muda mfupi kwa mkulima aliyezoea kungoja muwa mwaka mmoja na nusu, kisha kungoja tena malipo.

Hata hivyo historia ya Kisumu inatoa onyo. Kiwanda cha nguo cha Kicomi kilifungwa katika miaka ya 1990, baada ya soko kulegezwa, mitumba kumiminika na kilimo cha pamba kudorora. Mitambo ilikuwepo, wafanyakazi wenye ujuzi walikuwepo, pamba ilimea vizuri. Kilichokosekana ni mnunuzi wa uhakika. Kujenga kiwanda cha magunia kabla ya kupata mnunuzi huyo ni kurudia kosa lile lile, na wakulima ndio watakaolibeba.

Kwa hiyo Kenya inaweza kuazima sheria ya India kwa masharti mawili. La kwanza ni ukomo: lazima ya kufunga sehemu ndogo ya sukari na mchele kwa nyuzi za asili iwekwe kwa miaka inayojulikana, ipungue hatua kwa hatua, na mkonge wa Kenya ushindane humo humo. Gunia la juti ni ghali kuliko la plastiki. Anayelipa tofauti hiyo atajwe tangu mwanzo, isije ikamwangukia mlaji wa sukari bila kujua.

La pili ni maji, na hapa hapafai kulegeza. Mabua yanayooza hufyonza oksijeni, na Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria tayari imelemewa na maji taka, mbolea na gugu maji lililoingia miaka thelathini na zaidi iliyopita. Kuloweka juti ghubani au kwenye Nyando kungeua samaki wanaolisha familia zile zile zinazoahidiwa ajira. Ulowekaji ufanyike kwenye madimbwi yaliyochimbwa mbali na mito, na maji yake yarudishwe mashambani kabla ya kuharibika kabisa.

Kazi ya kuanzia ni ndogo kuliko kiwanda. Profesa Mary Abukutsa-Onyango na wenzake wameipa mboga ya kienyeji, mrenda ukiwemo, heshima ya kisayansi iliyonyimwa kwa miaka mingi. Sasa mbegu za nyuzi zipandwe kando ya zile za mboga kwenye mashamba ya majaribio ya Kano, kwa misimu miwili au mitatu, na kilo za nyuzi kavu kwa kila ekari zilinganishwe na mapato ya fungu la majani sokoni. Ikiwa majani yatalipa zaidi, mkulima aachiwe mboga yake.